Pepo za Bi Mwanasha

Mwaka ule wa Wazungu wa karanga, matrekta yalipokuwa yakishushwa Lindi na kupita barabarani yakitikisa vyungu mekoni, nyumba ya Bi Mwanasha pale Mtanda ilijaa mpaka watu wakakalia vinu. Wari walikuwa wanatolewa siku hiyo. Sebuleni akina mama, uani akina mama, chooni foleni, na mbuzi wa pili kafungwa mlangoni akimkodolea macho kila aingiaye kama karani wa kodi. Bi Mwanasha mwenyewe alikuwa kila mahali. Anaonja mchuzi huku, anafunga kilemba cha mwari kule, anawatukana wapiga ngoma, anacheka, anauliza nani kamwacha nani. Ndivyo alivyopenda kuishi. Nyumba yenye watu wachache ilimtia baridi.

Yeye ndiye aliyekuwa somo. Hakuna binti wa Mtanda aliyekua bila kupita mkononi mwake, na wote, hata wenye wajukuu, walimwita hivyo hivyo: somo. Aliwafunza kuamkia, kukaa, kuandaa, kunyamaza. Lakini funzo lililoyapita mengine yote lilikuwa la tumbo. "Tumbo la mwanamke ni nyumba," alikuwa akiwaambia. "Ina mlango wa uani, na mlango wa uani haufunguliwi mbele za watu." Ikitokea bahati mbaya, jambo lenyewe halitajwi, hata ukibanwa na nani. Unasema: mgeni katoka. Basi. Aliye wenu ataelewa, asiye wenu atadhani mmemsindikiza shangazi.

Kudra alipokuwa mwari, mgeni wake alitoka katikati ya mafunzo, tena alitoka kwa kelele. Bi Mwanasha hakumpiga. Alimtungia wimbo:

Kudra, Kudra, mlango haufungi,
mgeni kaondoka bila ya kuaga!

Mtanda ikauimba wimbo ule mpaka Kudra akaolewa, akazaa, na watoto wa jirani bado walikuwa wakiuimba wakiruka kamba bila kujua maana yake. Kudra hakulalamika. Alikuwa binti wa kaka yake Bi Mwanasha, mtu mkimya, mwenye macho yanayotabasamu kabla ya mdomo.

Sasa siku hiyo ya kuwatoa wari, sahani ya kwanza ya pilau ilipopakuliwa tu, tumbo la Bi Mwanasha likakaza. Likauma kama nguo inayokamuliwa. Likaacha. Likauma tena. Kisha likaanza kujaa, na kufikia jioni kanga haikumzunguka tena. Wakampa mvuje, wakampa habasoda, wakamkanda kwa maji ya moto, mwalimu wa chuo akamwandikia kombe. Kila kilichoingia kilirudi. Choo hakuna, wala mgeni hatoki, hata pale alipojifungia peke yake na kumpa ruhusa. Tumbo likawa kama ngoma iliyoanikwa motoni: ukiligusa linalia.

"Mwanasha," alisema dada yake Mwahija, mwanamke wa kiwiliwili chake, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa tatu, "unatufia hapa na nyumba imejaa wageni. Twende hospitali."

"Nikavuliwe nguo na wanaume?"

"Maiti naye huvuliwa nguo, mdogo wangu. Chagua."

Wakamchukua na kitanda chake cha kamba, wanaume wanne wakipokezana, na nyuma yake Mtanda nusu nzima.

Hospitali yenyewe ilikuwa ndogo, imekaa kilimani juu ya mtaa, bati lake limeshika kutu. Siku hizi haipo. Imebaki sakafu na mbigili. Ilikuwa na daktari mmoja, Mzungu mwenye ndevu za rangi ya bati lile lile, ambaye neno lake la kwanza la Kiswahili lilikuwa "subiri" na la pili "subiri kidogo". Watu wakamwita Bwana Subiri. Msaidizi wake alikuwa dresa Eusebio, kijana wa Kimakonde kutoka juu Newala, aliyesomeshwa na mapadri, mwenye shati lililopigwa pasi mpaka jasho likaogopa kuligusa.

Bwana Subiri akaligonga tumbo kwa ncha za vidole. Akaweka mipira yake masikioni, akasikiliza. Hakusema subiri, na hilo ndilo lililowatisha watu.

"Utumbo mkubwa umejisokota," Eusebio aliwaeleza. "Kama kamba ya ndoo inapojizungusha kisimani. Hakipandi kitu, hakishuki kitu, na hewa inajaa. Ukiachwa hivyo, utaoza."

Kwanza walijaribu mpira, na mpira huo haukupitia mdomoni. Bi Mwanasha alijifunika uso kwa kanga na kuisoma shahada chini kwa chini, si kwa kuogopa kufa. Mpira ulifika kwenye msokoto ukagoma. Kwa hiyo ni kisu.

Tatizo likawa taa. Taa kubwa ya chumba cha kupasulia ilikuwa imeungua, na nyingine iliagizwa Dar es Salaam tangu watu walipokuwa bado wanavaa magunia kwa vita vya Hitla. Lakini jua lilikuwepo, tena tele. Eusebio akatoka barazani akauliza nani ana kioo kikubwa. Watu wakatazamana. Kioo kikubwa Mtanda kilikuwa kimoja, kile cha kuwapambia wari, kilichosimama chumbani kwa mgonjwa mwenyewe. Wakakikimbilia. Kikaletwa kimefunikwa shuka kama bibi harusi, kikasimamishwa uani, na mfagizi akawekwa akigeuze kadiri jua linavyosogea, ili mwanga upite dirishani uangukie pale kisu kitakapopita.

Ndani, Eusebio alimwekea Bi Mwanasha kitambaa puani, kimevutwa juu ya waya, akaanza kudondoshea dawa ya usingizi tone kwa tone.

"Hesabu, mama."

Bi Mwanasha hakuhesabu namba. Alihesabu watu. Mwahija. Kudra. Mke wa fundi cherehani. Yule wa Kiswere mwenye kikohozi. Kila aliyemtaja aliingia chumbani na kutafuta pa kukaa, na chumba kikawa kinapanuka, na darini kilikuwepo kipande cha jua, kinacheza, kinacheza, kama kinachotafuta uso wa mwari wa kupamba. Akasikia kamba ikizungushwa kisimani, mbali sana, na ndoo ikiteremka bila kelele. Halafu hata yeye mwenyewe hakuwepo.

Alipozinduka alikuwa na mpira puani unaoteremka hadi kwenye chupa iliyo sakafuni, na mwingine mkononi unaomtilia maji ya chumvi. Tumbo lilikuwa limelala chini, limefungwa bandeji. Kudra alikuwa kwenye mkeka kando ya kitanda, akimlowesha midomo kwa pamba.

"Umeuonaje utumbo wake?" Mwahija alikuwa akimuuliza Eusebio, maana yeye aliuliza kila kitu.

"Ulikuwa na rangi ya zambarau, mama. Daktari akausokotoa, akaufunika kwa vitambaa vya maji ya uvuguvugu, akasema subiri. Tukasubiri. Nikaona haupoi, haubadiliki, nikajua tumechelewa. Akasema tena subiri. Ndipo ukaanza kurudi rangi, polepole, kama uso wa mtu aliyetoka kuzimia. Hakuukata. Ameushikiza kwa uzi pembeni usijizungushe tena."

"Alhamdulillahi. Basi apewe uji."

"Hapana! Asile, asinywe, hata tone. Utumbo umepigwa butwaa, umelala. Akitiwa kitu utajaa upya na uzi utakatika. Tungoje uamke."

"Na tutajuaje umeamka?"

Eusebio alikuwa kijana wa adabu zake. Neno la mtaani alilijua, lakini lisingetoka kinywani mwake mbele ya wakubwa. Padri alimfundisha kwamba ukiwa mmoja ni upepo, zikiwa nyingi ni pepo. Akaona akitumia wingi atakuwa amewaheshimu.

"Tunangoja pepo, mama," alisema, sauti imeshuka. "Pepo zikitoka, amepona. Zisipotoka, ni hatari."

Mwahija alishika kifua. Akageuka, akatoka barazani, na baraza ilikuwa imejaa Mtanda.

"Mmesikia? Mmesikia nyinyi? Hata hospitali wanajua! Kijana wa Kimakonde, Mkristo, ana msalaba shingoni, kasema kwa mdomo wake: Mwanasha ana pepo!"

"Wangapi?"

"Hakutaja. Lakini kasema kwa wingi!"

Kabla kivuli cha baraza hakijahama, mtaa mzima ulikuwa na habari. Wengine walisema walijua siku nyingi. Mmoja alisema tumbo lilipovimba aliona limechukua sura ya mtu.

Bi Mwanasha alikuwa akiyasikia yote kwa mbali, kama mtu anayelala kwenye chumba cha uani wakati wenzake wanazungumza sebuleni. Dawa haikuwa imemwacha. Ukuta mweupe ulisogea karibu, ukarudi. Joto la Lindi lililala naye kitanda kimoja. Mara alikuwa wodini, mara alikuwa nyumbani anagawa sahani na sahani haziishi, na kila mgeni alikuwa na sura ya mtu aliyemjua zamani. Basi nina pepo, aliwaza, na wazo hilo halikumtisha hata kidogo. Hata humu ndani nimejaza watu.

Asubuhi Eusebio alipita na sinia lake.

"Shikamoo, mama. Pepo zimetoka?"

"Marahaba. Bado, mwanangu," alijibu Mwahija. "Hawajataja hata majina yao."

Eusebio akakuna kichwa. "Hazina majina, mama."

"Ndio wabaya hao! Wasiotaja majina!"

Eusebio akafikiri ni mzaha wa watu wa pwani, akacheka kwa heshima, akaenda zake. Siku iliyofuata akauliza tena, akajibiwa kwamba hazitatoka bila ngoma. Akasema ngoma hairuhusiwi wodini. Mwahija akasema ndiyo maana wagonjwa wa hospitali wanakufa.

Bwana Subiri naye alikuja kila jua lilipopanda, akaweka mipira masikioni, akasikiliza tumbo, akatikisa kichwa. Kimya. Utumbo umelala. Subiri, alisema. Lakini kila siku alilisema kwa sauti ndogo zaidi.

Ndipo yule mama wa Kiswere mwenye kikohozi alipomvuta Mwahija pembeni. Kwao Kiswere, alisema, pepo wasiotaja majina ni wale wa mwambani, na hao hawataki ngoma. Wanataka kitu chekundu, kitamu, chenye waridi. Wakishapewa hawakai.

Mwahija hakungoja aambiwe mara mbili. Alishuka dukani kwa Mhindi, akarudi na sharubati ya waridi, nyekundu kama lakiri, ile nta ya barua za Serikali, akaikoroga kwenye kikombe cha bati. Akangoja mpaka Kudra alipokwenda kufua vitambaa. Alijua fika alichokatazwa. Lakini alikuwa dada mtu, na mdogo wake alikuwa anayeyuka mbele ya macho yake kama sabuni kwenye maji.

"Si wewe unayekunywa," alinong'ona, akimwinua kichwa. "Ni hao."

Bi Mwanasha wakati huo alikuwa kwenye karamu. Aliona mkono unampa kikombe, na kwenye nyumba yake mwenyewe angekataaje? Akanywa. Kilikuwa kitamu, baridi, kinanukia kama nywele za mwari siku ya kutolewa. Karamu ikaendelea. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote, wamekaa kimya wote, na hilo likamshangaza, maana wageni wake hawakuwa watu wa kukaa kimya. Kisha kule nyuma kabisa akainuka mmoja. Mzee mfupi, hajulikani ni wa nani. Akaokota makubadhi yake, akawapita wenzake kwa kunyata, samahani, samahani, akaufikia mlango wa uani. Mlango ukalia.

Bi Mwanasha akafumbua macho.

Ilikuwa mchana wa jua kali, saa za watu kusinzia. Wodi imetulia. Mlango uliolia haukuwa mlango.

Alijua. Hakuna mwanamke asiyejua. Akageuza macho taratibu, akitumaini Kudra bado yuko kwenye kufua. Kudra alikuwa pale kwenye mkeka, amekunja kitambaa mkononi, anamtazama.

"Ni kitanda," alisema Bi Mwanasha.

Macho ya Kudra yakaanza kutabasamu, mdomo ukakataa. "Kitanda, somo. Vyuma vya Serikali vinalia sana."

"Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani habari za kitanda?"

Huyo ndiye Kudra aliyemfunza mwenyewe. Bi Mwanasha akafumba macho tena, akajiona ameokoka na balaa kubwa. Na huku Kudra, masikini, naye akiamini kama Mtanda nzima kwamba linalongojewa ni jini, hakuwa na habari kwamba ameisikia ile sauti ambayo hospitali yote imeitegea sikio.

Jua lilipopinda, Bwana Subiri aliingia. Eusebio akachukua bomba, akavuta kwenye mpira wa puani kama alivyofanya kila siku. Mpaka jana yalikuwa yakija maji ya kijani. Leo yalipanda mekundu.

Eusebio akasimama. Daktari akainama, akaitazama chupa ya sakafuni, nayo ilikuwa nyekundu. Akalibonyeza tumbo, Bi Mwanasha akaguna, maana kidonda kibichi kikibonyezwa nani asigune? Wakazungumza Kizungu, haraka haraka. Neno subiri halikuwemo.

"Mama," Eusebio alimwambia Mwahija barazani, na watu wote wakasogea. "Inatoka damu. Daktari anahofia utumbo umekufa baada ya sote kudhani umepona. Na pepo hazijatoka mpaka leo. Atafungua tena, sasa hivi, jua lingalipo."

"Mara ya pili?"

"Mara ya pili." Akajipangusa paji la uso. "Sitaki kuwadanganya. Hana nguvu alizokuwa nazo mara ya kwanza. Dawa ya usingizi imebaki chini ya chupa. Wanaofunguliwa mara ya pili hapa, wanaorudi ni wachache."

Mwahija alirudi hatua moja nyuma. Chini ya kanga yake vidole vilikuwa vimekishika kikombe cha bati, vimekibana mpaka kikabonyea. Kama umewahi kufanya jambo kwa mapenzi likageuka sumu mbele ya macho yako, utajua kwa nini mdomo wake haukufunguka.

Kioo kikatolewa tena uani. Shuka likavuliwa. Bi Mwanasha akapakiwa kwenye machela, na alipokuwa anapitishwa barazani aliwaona wote, safu kwa safu, wari wake wa miaka yote, wenye mvi na wenye watoto mgongoni, wakimtazama kama wanavyotazamwa watu wanaovuka. Hakuona ubaya. Ilikuwa nyumba imejaa. Kipande cha jua kikamkuta usoni, kikapita, kikarudi.

Eusebio alikuwa ameshika mpini wa machela upande wa kichwani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ingetoka moja tu," alikuwa akisema peke yake. "Moja tu, hata ndogo, kwa nyuma."

Kudra, aliyekuwa akitembea kando, akasimama. "Kwa nyuma wapi?"

"Nyuma, dada. Kwani pepo kwa mtu zinatokea wapi?"

"Kichwani," alidakia Mwahija, sauti imepauka. "Wanapanda kichwani, kisha wanasema Kiarabu."

"Kiarabu!" Machela ikasimama. "Mama, pepo gani hao? Mimi nazungumza upepo! Hewa! Hewa ya tumboni!"

 Hapo Bi Mwanasha akaamka, akaamka hasa, kwa mara ya kwanza tangu alipohesabu watu kwenye ile dawa. Maneno ya Eusebio yalimwingia moja moja kama sindano ya maji ya chumvi. Kile wanachokitafuta kwa vioo na kwa visu, yeye anacho. Amekificha. Amesema ni kitanda.

Akamtazama Kudra. Kudra alikuwa ameweka kiganja mdomoni, machozi yamemlenga. Alikwisha kuelewa. Lakini aliahidi, na aliyemfundisha kushika ahadi ya namna ile alikuwa amelala mbele yake.  Alimtazama tu somo wake, akingoja ruhusa.

Bi Mwanasha aliiona Mtanda. Aliwaona watoto wakiruka kamba. Aliusikia wimbo, na jina ndani ya wimbo halikuwa Kudra. Na upande wa pili aliuona mlango wa chumba cha kupasulia, uko wazi, na nyuma yake hakuna mtu hata mmoja wa kuzungumza naye.

"Mgeni katoka," alisema.

Wanawake wote barazani wakashtuka kama waliopigwa upepo mmoja. Walimsikia, walimwelewa.

"Ndiyo, mama," alisema Eusebio. "Wageni wote watoke! Haya, akina mama, ondokeni, mgonjwa apite!"

"Mgeni katoka," alirudia Bi Mwanasha, kwa nguvu. "Leo mchana. Kapitia uani."

"Waliopitia uani nao waondoke!" Eusebio akawapungia mkono.

Na hapo ndipo penye kichekesho na kilio. Wanawake wale wote, chungu nzima, walikuwa na jibu kwenye ncha ya ulimi, na hakuna aliyeweza kulisema mbele ya wanaume. Walikuwa wakikanyagana miguu. Walikuwa wakisukumana: sema wewe, sema wewe. Mke wa fundi cherehani alifungua mdomo akaufunga. Bi Mwanasha mwenyewe ndiye aliyewafunza, tena aliwafunza vizuri mno.

Machela ikaanza kusogea. Kizingiti cha chumba kikaonekana.

Bi Mwanasha akaushika mkono wa Eusebio.

"Nimejamba!" alisema. Sauti ile ya kutukania wapiga ngoma ilimrudia yote. "Mimi! Mwanasha binti Abdulatifu! Nimejamba mchana huu, Kudra kasikia, nikamwambia ni kitanda!"

 Eusebio akageuka kwa daktari aeleze, na hata kwa Kizungu neno likamshinda. Akaishia kubana midomo na kupuliza.

Bwana Subiri akanyanyua nyusi, akaionyesha chupa. Na hii damu?

Ndipo Mwahija alipokitoa kikombe chini ya kanga, akakiinua mbele ya watu wote kwa mikono miwili, analia. "Si damu. Ni mimi. Niliwapa hao wa mwambani. Nilidhani ni wa mwambani."

Daktari akakinusa kikombe. Akainusa chupa. Akamnusisha Eusebio, na Eusebio akasema, "Waridi," akakaa chini sakafuni na shati lake la pasi.

"Subiri," akasema Bwana Subiri, na kwa mara ya kwanza watu walilipenda neno lile. Machela ikawekwa chini pale pale barazani. Akapiga magoti, akaweka mipira masikioni, akakilaza kile kichuma tumboni kando ya bandeji. Akainua kidole watu wanyamaze.

Hapo Mtanda ikanyamaza, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia. Mtoto aliyekuwa mgongoni aliacha kunyonya kidole. Uani mfagizi bado alikuwa ameshika kioo, na kipande cha jua kilikuwa kikitembea polepole juu ya dari ya baraza, juu ya nyuso zilizoinuliwa, kikipita kwa kila mmoja. Bi Mwanasha alikitazama. Aliona kwamba nyumba yake ilikuwa hapa tangu mwanzo, watu wote walikuwa wamekaa, na kule nyuma mmoja mwingine alikuwa anainuka kutafuta makubadhi.

Mlango ukalia. Ulilia kwa kujinafasi, kama milango ya duka la Mhindi inapofunguliwa asubuhi, ubao baada ya ubao.

"Ni machela!" Kudra alipaza sauti papo hapo, bila kufikiri, akijitupa mbele ya wanaume kumsitiri. "Ni machela hiyo, imelegea!"

"Si machela, mwanangu," alisema Bi Mwanasha. "Ni mimi."

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka sokoni. Watu wa bandarini walidhani hospitali kuna harusi. Mwahija alimkumbatia Eusebio, msalaba ukamchoma, akamkumbatia tena. "Na wewe, mwanangu, ungesema hewa tangu siku ile!"

"Nilifuata sarufi, mama," alisema Eusebio.

Bwana Subiri alivua mipira masikioni, akasema kitu kirefu kwa Kizungu, na Eusebio akakifupisha: kesho, maji, kijiko kimoja. Sharubati, hapana.

Wakamrudisha wodini. Wanawake wakaingia wote, ingawa ruhusa ilikuwa ya wawili, wakakaa sakafuni, madirishani, kwenye ncha za vitanda vya watu wengine. Kudra akarudi kwenye mkeka wake. Bi Mwanasha alimwona amebana midomo, mabega yanatikisika.

"Imba," alimwambia.

"Niimbe nini, somo?"

"Unaujua."

Kudra akainamisha uso. Akaanza kwa sauti ndogo, kama mtu anayebembeleza mtoto:

Mwanasha, Mwanasha, mlango haufungi…

na wodi nzima ikampokea. Bi Mwanasha alicheka, akashika kidonda kwa mikono miwili, akaomba wamwonee huruma, wamuache, inauma. Hawakumwacha. Usingizi ulikuwa unakuja, wa kawaida huu, usio wa dawa. Uani mfagizi alikuwa amekisahau kioo kimesimama, na jua la jioni, limekuwa jekundu, likaingia nalo dirishani likatafuta pa kukaa.